Meza Iliyotoka Jasho

Mwanangu Zaituni,

Ukiona mwandiko umepinda, usidhani baba yako amezeeka ghafla tangu asubuhi. Ninaandika nikiwa nimesimama uani, chini ya ile taa ya nje inayopendwa na wadudu, na kila baada ya mstari mmoja nainua macho kutazama kitu. Nitakuambia ni kitu gani, subiri kidogo. Wewe umekwenda kusukwa kwa Mama Jeni, na ninavyomfahamu jirani yetu huyo, vidole vyake ni vyepesi lakini mdomo ni mwepesi zaidi, kwa hiyo hutarudi sasa hivi. Mama yako yuko chumbani anafunga begi lako. Akishafunga anakumbuka kitu, anafungua tena.

Habari za blanketi, soksi, dawa ya kikohozi na nani umpigie simu ukifika, hizo zote ameshakuambia, na kesho atakuambia upya mpaka basi liondoke. Mimi siongezi. Ninataka kukuandikia habari ya meza yako ya kuchomea nyama, na ya ile Jumapili. Hapa nyumbani tumefunika kombe mwanaharamu apite, kila mtu anazunguka jambo lile kama linavyozungukwa shimo la choo. Lakini kesho unaondoka, na mwanaharamu mwenyewe bado hajapita.

Nianze na lililo moyoni: naogopa. Siyo ule wasiwasi ambao kila mzazi huusema watu wakija kuaga, akapewa pole na kikombe cha chai. Naogopa upepo wa Mafinga, ambao dereva wa lori la fuso litakalobeba meza yako ameniambia huanza jioni, saa zako hasa za kazi, na upepo na mkaa ni marafiki wabaya. Naogopa ncha ya mtandio wako. Naogopa mlevi atakayekuja kuegemea meza akidhani ni kaunta. Na kuliko vyote naogopa baridi, kwa sababu baridi itakushawishi uingize jiko chumbani ulale nalo, na waliolala na jiko la mkaa wakiwa wamefunga mlango hawakuamka kutusimulia. Nimesema sitoi maagizo, na hili siyo agizo, ni ombi. Jiko lilale nje. Likiibiwa, liibiwe.

Mama yako anasema mimi niliogopa hata siku uliyozaliwa, kwamba nesi aliponipa nikubebe nilikaa chini sakafuni kwanza ndipo nikanyoosha mikono, nikihesabu kwamba ukiniponyoka usianguke mbali. Ni kweli. Tena sioni aibu ya hilo. Wahenga walisema kwa shujaa huenda kilio, kwa mwoga huenda kicheko, na mimi methali hiyo nimeitumia maisha yangu yote kama wengine wanavyotumia cheti.

Uliponiomba meza, ulikuwa umefanya kazi kwenye ule mgahawa wa Maili Moja mpaka mgongo umekuwa wa bibi. Jiko la pale lilikuwa chini, wewe mrefu, unachoma nyama umejikunja kutwa nzima. Ukarudi jioni moja, ukakaa kwenye ndoo pale karakana kwangu, ukasema: "Baba, Neema ninayefanya naye kazi amepata sehemu kwao Mafinga, karibu na stendi. Tunakwenda kufungua ya kwetu. Nataka meza ya jiko. Siyo ya kununua. Nataka urefu wangu, mkono wangu."

Mama yako alicheka akasema hajawahi kuona mtu anapeleka meza ya mbao Mafinga, ni sawa na kupeleka samaki Mafia. Nikamjibu kwamba mbao za kule ni msonobari, na msonobari ukae nao mbali ukiwa na mkaa. Nikajitia kujua. Lakini kichwani nilikuwa sifikirii mbao kabisa. Nilikuwa nafikiria wewe na moto, kila siku, mahali nisipokuona.

Nikakupima. Ukasimama, ukakunja kiwiko, nikashusha tepu kutoka kwenye kiwiko mpaka chini. Nikakuambia uvue viatu. Ukasema, "Baba, Mafinga nitakuwa navaa buti." Basi nikaongeza soli ya buti. Nimetengeneza vitanda vya watu na milango ya watu tangu nikiwa na nywele zote kichwani, lakini sikumbuki kama nimewahi kupima kitu kwa uangalifu vile. Nilikupima kiwiko mara nyingi kuliko inavyohitajika, nawe ukavumilia.

Kisha nikakwenda kijijini kwetu Kurui kuchukua mbao za babu yako.

Unazikumbuka, zilikuwa zimepangwa juu ya kenchi, chini ya paa, kwenye ile nyumba ya shangazi Tatu, mbao za mkongo zilizopasuliwa kwa msumeno wa watu wawili. Babu alizitunza kwa ajili ya mlango wa nyumba ambayo hakuijenga. Na kwa kuwa mchwa wa Kurui hawana adabu, kila mwaka alizishusha, akazipaka oili chafu ya magari mbele na nyuma, akazianika, akazirudisha. Alifanya hivyo mpaka alipofariki, na shangazi yako akaendeleza, kwa heshima tu. Nyumba imeliwa madirisha, imeliwa kabati, mbao zile hazina hata alama ya jino.

Shangazi yako akaniambia, "Kaka, chukua. Mbao iliyomshinda mchwa, kitu gani kitaiweza?" Nami fundi mzima nikaona ni neno la hekima. Nilizileta Kibaha, nikazipiga randa mpaka weusi ukatoka na wekundu wa mkongo ukajitokeza, ukang'aa. Nikasema oili imekwisha. Ukweli ni kwamba sikutaka kujua zaidi. Nilitaka uondoke hapa na kitu cha Kurui, kitu kilichoguswa na babu, kwa sababu moyoni niliamini mbao zile zina kinga. Mtu mwoga hupenda sana kinga, hata ile asiyojua imetengenezwa na nini.

Fundi wa kuchomelea akatupasulia pipa la chuma liwe jiko, akaliwekea miguu mifupi na wavu wa nondo. Nikaweka bati juu ya mbao, nikaligongomea misumari likashikana na ubao kama ngozi na ngoma. Pipa likakaa juu ya bati. Pembeni nikakuachia nafasi ya kukatia nyama na droo ya visu. Ilikuwa meza nzuri. Hilo nalisema bila haya.

Jumapili ukataka tuijaribu kabla ya safari. Ukawaita Mama Jeni na mumewe, ambaye kazi yake ya ofisini Dar imefanya mtaa umwone kwa mwanga wa jua Jumapili tu. Ukawasha mkaa. Mimi nikasimama karibu, kipepeo mkononi, nikijifanya nakupepelea, kumbe nimekaa mkao wa kulinda. Mishkaki ya kwanza ikaliwa. Baba Jeni akaigonga meza kwa kidole, akasema, "Mzee Pazi, hii ndiyo kazi. Hii wataikuta wajukuu." Nikajibu kwa sauti ya mtu aliyeshiba sifa, "Mkongo huo. Wa Kurui."

Ndipo nikaona tone.

Lilikuwa limening'inia chini ya ubao, chini kabisa ya pipa, jeusi. Nikadhani ni mafuta ya nyama. Likaja la pili, likaja la tatu, na ubao wote ukalowa kwa chini. Meza ilikuwa inatoka jasho. Kisha ikaja harufu, na harufu ile haikuwa ya nyama wala ya mbao, ilikuwa ya gereji. Nilijua saa ile ile, Zaituni. Nilijua kabla yenu nyote kwamba ni oili ya babu yako inatoka kule ndani randa ilikoshindwa kufika. Nilijua, na sikusema neno. Moto ukashika chini ya meza upande wangu, ukalamba ubao, ukapanda.

Kilichofuata sikumbuki nikikiamua. Nilijikuta barabarani, nje ya geti letu, na kipepeo bado mkononi. Kijana mmoja wa bodaboda akapunguza mwendo. "Shikamoo mzee. Vipi, kuna usalama?"

"Marahaba. Hakuna kitu, mwanangu."

Hivyo ndivyo nilivyomjibu. Mwanangu wa kumzaa yuko nyuma ya ukuta na moto, na mimi namwambia mwana wa watu hakuna kitu. Akaondoka zake.

Niliyoyakosa nimesimuliwa na mama yako, tena kidogo kidogo, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Kwamba ulimwambia aondoe dumu la mafuta ya kula. Kwamba ulichovya gunia kwenye ndoo, ukalizungushia mikono, ukalivuta pipa likaangukia upande wa ukuta kusikokuwa na mtu. Kwamba Baba Jeni alinyanyua ndoo amwage maji, ukamwambia, "Maji hapana, baba, hiyo ni oili," ukachota mchanga wa kujengea kwa beleshi, ukaifukia meza kama unazika. Na kwamba hukupiga kelele hata mara moja.

Niliporudi, palikuwa na moshi tu. Wote wakanitazama mimi na kipepeo changu. Ukasema mbele ya wageni, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba, ulikwenda kuita watu?"

Nikasema, "Ndiyo, mwanangu. Sikumpata mtu."

Barabara ya hapa mtaani kwetu Mkuza, Jumapili alasiri, nisimpate mtu! Mama Jeni akainama kutafuta kiatu ambacho kilikuwa mguuni mwake. Nawe ukaitikia, "Haya baba, moto ushaisha," ukaenda kuokota nyama iliyopona.

Kwa swali lile uliniwekea kiti, nikakikalia. Tangu siku ile nimekuwa nikitaka kukushukuru na nimeshindwa, kwa sababu kukushukuru ni kukubali kwamba nilihitaji kiti.

Sasa nikuambie jambo la Kurui ambalo umelisikia kwa upande mmoja tu, ule wa sifa. Babu yako alikuwa anachoma mkaa. Tanuri la mkaa, kama hujawahi kuliona, ni magogo yamelazwa na kufunikwa majani na udongo, moto uko ndani unakula polepole bila kuonekana. Kazi kubwa ni kulinda. Udongo ukipasuka, hewa inaingia, mkaa wote unageuka majivu, kwa hiyo mwenye tanuri hupanda juu yake na kuziba nyufa. Siku moja babu alipanda, udongo ukakatika, mguu wake ukazama ndani mpaka gotini. Nilikuwa peke yangu naye, mdogo, sina nguvu za kumvuta. Nikakimbia. Nilikimbia nikipiga yowe njia nzima mpaka majirani wakatoka na majembe, wakamtoa. Alichechemea mpaka anaingia kaburini, lakini aliishi.

Toka hapo, kila msiba, kila harusi, mtu mmoja atanishika bega. "Huyu ndiye aliyekimbia." Nilipewa kuku. Mtoto akisifiwa kwa miguu yake atamaliza maisha akiiamini. Mimi nikaamini kwamba woga wangu una akili kuliko mimi, kwamba ukiniambia ondoka, niondoke, mambo yatakaa sawa. Nikaona moto na kukimbia ni kitu kimoja, nikakulea hivyo. Unakumbuka nilivyokukataza kugusa jiko mpaka wenzako wote mtaani wanapika ugali. Mama yako ilibidi akufundishe kuwasha mkaa kwa Mama Jeni, kwa kificho, kama mnafundishana uchawi. Mimi nilijua kutokana na harufu ya nguo zako, nikanyamaza, maana hata kuuliza niliogopa.

Ni siku hizi tu, nikiwa nimelala chali namsikiliza mama yako akikoroma, ndipo nimeona tofauti. Yule mtoto wa Kurui alikimbia akipiga yowe. Alikuwa anakwenda mahali, anawafuata watu. Huyu mzee wa Mkuza alikimbia akafika barabarani, akaulizwa, akasema hakuna kitu. Miguu ni ile ile. Kwa hiyo mwanangu, siwezi kukuambia usikimbie. Yatakuwepo ya kukimbiwa huko uendako, na ukiyaona toka mbio, acha meza, acha nyama, acha hata mimi niliyekutengenezea. Ila ukifika barabarani mtu akikuuliza kuna nini, mwambie.

Liko jingine, baya zaidi, na hili hata mama yako halijui.

Jioni ya Jumapili ile, baada ya wageni kuondoka, nilikaa nikaitazama meza imefukiwa mchanga, mguu mmoja umeungua, na nikafurahi. Nilifurahi, Zaituni. Nilijisemea, basi, imekwisha, hana meza, fuso litaondoka bila mzigo, Neema atatafuta mwenzake, mtoto atabaki. Nikalala usingizi mzito ambao sikuwa nimeupata tangu uliposema neno Mafinga. Ubaya wa woga ni huo. Ukikaa nao sana unaanza kuombea mabaya madogo ili makubwa yasije.

Asubuhi nikakukuta karakana umevaa shati langu la kazi, umeshafagia, umeipanga randa na msumeno. Ukasema tu, "Baba, leo tunaanzia wapi?"

Hukuuliza kama tunaanza. Nikachukua patasi nikaupasua ubao mmoja wa babu, tukatazama ndani pamoja. Ulikuwa mweusi mpaka kwenye moyo. Miaka yote ile ya kupaka, mbao ilikuwa inakunywa. Kilichomzuia mchwa ndicho kilichoulisha moto, na babu hakukosea, kwa sababu yeye alikuwa anatengeneza mlango. Aliyekosea ni mimi niliyechukua kinga ya mlango nikaiweka chini ya jiko. Ukanusa, ukasema, "Babu alikuwa na bidii," tukacheka, na kile kilikuwa kicheko changu cha kwanza tangu ile Jumapili.

Mbao za meza hii ya pili ni mninga, ule niliouweka kwa ajili ya mlango wetu wa mbele. Mama yako amesema mlango wa zamani unafunga vizuri ukiupiga teke kidogo. Safari hii sikuacha pipa liguse mbao. Nilikata dirisha katikati ya meza, pipa likaning'inia kwenye vyuma viwili, na kati ya pipa na ubao inapita hewa upana wa vidole vinne. Matofali ya kukinga joto yamepangwa pembeni, bati liko mbali. Hayo unayajua, tulifanya wote.

Ila uliporudi siku ile kutoka kumuaga shangazi Tatu Kurui, ukakuta nimeipanua. Niliongeza ubao huku, nikaongeza ubao kule, nikaweka na fito za kuzuia kifua chako kisisogee. Kila nikikaa niliona moto uko karibu nawe mno, naongeza. Ukasimama mbele yake, ukanyoosha mkono, vidole havikufika hata kwenye ukingo wa wavu. Ukaniuliza, "Baba, mishkaki nitaigeuza kwa fimbo?"

Mama yako alikaa chini kwa kucheka. Mimi nilikasirika, nikasema bora kinga kuliko tiba, nikaingia ndani. Ulinisubiri. Hukuushika msumeno, na ungeweza, nimekufundisha mwenyewe. Ulikaa kwenye ile ndoo yako mpaka nikatoka, nikaukata ubao wa kwanza, nikaukata wa pili, nikang'oa fito, wewe umeshika upande wa pili ili usipasuke. Ni kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kuzifanya kwa msumeno. Nilikuwa nausogeza moto kukufuata wewe, kidole kwa kidole, kwa mkono wangu, mpaka ukasema, "Hapo. Hapo panatosha, baba."

Kesho alfajiri fuso la mbao linakwenda Mafinga likiwa tupu kufuata mzigo, na dereva amekubali kuipakia meza. Nimeifanya ya kufungua, miguu ina bolti, spana nimeiweka kwenye droo. Wewe utafuata na basi. Barua hii nilipanga nikupe ukiwa umeshakaa kwenye kiti, nikupitishie dirishani, gari likiwa linanguruma. Unaelewa kwa nini. Usingepata nafasi ya kunijibu, nami ningeshageuka kurudi nyumbani.

Sasa nikuambie ninachokitazama kila baada ya mstari.

Ulipotoka kwenda kusukwa, nimeifunga meza yako upya hapa uani, nikapachika pipa, nikamwaga mkaa. Nimewasha mwenyewe. Mama yako alichungulia dirishani, akaona nimeshika kiberiti, akafunga pazia polepole kama mtu aliyeona nyoka asiyetaka kumshtua. Njiti za kwanza zilizimika. Mkaa umeshika. Umewaka mwekundu wote, mwingi kuliko utakaohitaji siku yoyote ya kazi, maana nilitaka kuona mabaya yake. Ninaandika juu ya meza hiyo hiyo, upande wako wa kukatia nyama, jiko likiwa hapa kwenye kiwiko changu cha kushoto. Karatasi ikinuka moshi, ndiyo sababu.

Naogopa hata sasa. Mkaa ukipasuka kidogo naruka, ndiyo ile herufi uliyoiona imekwenda juu. Mara kwa mara nainama kutazama chini ya ubao kama kuna tone, na nainama nikiwa na uhakika kabisa kwamba nitaliona. Sijaliona. Mbao ni kavu. Nimeweka kiganja pembeni mwa dirisha la jiko, kuna joto la kawaida, kama ukuta uliopigwa jua. Geti liko pale, nimeliacha wazi makusudi, na miguu yangu imeshaniambia zaidi ya mara moja. Nimebaki hapa kwa sababu hii ndiyo sehemu utakayosimama, na nilitaka kujua panakuwaje.

Basi si mahali pabaya. Panaunguza kidogo uso. Ukinyoosha mkono unafika kila upande.

Woga wangu sikupi, mwanangu. Nimejaribu kuupunguza ili nikupe kidogo kwa ajili ya tahadhari, nikaona haupunguziki, ama unachukuliwa wote ama unaachwa. Nimeamua ubaki hapa Mkuza na mimi, tumezoeana. Wewe nenda na meza.

Mkaa sasa umeanza kuvaa majivu. Nimeinama tena, hakuna kitu, na safari hii ni kweli. Nimebadili mawazo kuhusu dirisha la basi. Ukirudi na nywele zako mpya nitakupa barua hii mkononi, uisome hapa hapa kwenye mwanga wa taa, neno kwa neno, mpaka lile la Jumapili jioni, nami nitakuwa nimesimama mbele yako. Utasema utakalosema.

Nasikia sauti ya Mama Jeni barabarani, anakusindikiza. Unacheka. Sasa mnaagana. Ninaweka kalamu chini, Zaituni, sitoki hapa.

Baba yako,
Seif Pazi